Mkibishana kwenye Wikipedia: jinsi ya kufika kwenye sentensi mnayokubaliana

Ukikuta mtu amefuta sentensi yako kwenye Wikipedia, usikimbilie kitufe cha kutengua, kile kinachorudisha maandishi yalivyokuwa. Fungua kwanza historia ya ukurasa, usome muhtasari aliouacha. Mara nyingi sababu utaikuta mlemle: "haina chanzo", "takwimu za zamani", "inaegemea upande mmoja".

Hizo mbili za mwanzo zinaisha haraka. Kama chanzo hakipo, kitafute. Kama takwimu zimepitwa na wakati, kaangalie mpya. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Anayeleta milioni 7 aliyoiokota mtandaoni mwombe chanzo. Akikosa, ibaki namba ya sensa na mwaka wake uandikwe.

Ugumu uko kwenye ile ya tatu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimezaliwa Liuli mkoani Ruvuma, na makala zinazonigusa kuliko zote ni zile za Ziwa Nyasa. Huko atatokea mhariri aandike kwamba mpaka wa Tanzania na Malawi unapita katikati ya maji. Atakuja mwingine afute, aandike kwamba maji yale yote ni ya Malawi hadi kwenye mchanga wa kwetu. Wa kwanza atarudisha yake, wa pili naye hivyohivyo, na msomaji aliyeingia kati hapo anaondoka na jibu lililotegemea saa aliyofungua ukurasa. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua zaidi ya mara 3 ukurasa uleule ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri. Usisubiri kufika huko. Ukitenguliwa mara moja tu, hamia kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo.

Fungua mada mpya. Kichwa chake kitaje jambo, kisitaje mtu: andika "Mpaka ndani ya ziwa", usiandike "Fulani anaharibu makala". Nukuu sentensi inayobishaniwa neno kwa neno, sema unataka isomekeje na kwa chanzo gani, kisha tia sahihi kwa kuandika alama ya ~ mara nne, hivi: ~~~~. Mwarifu mwenzako kwenye ukurasa wake wa majadiliano, halafu subiri. Sisi sote tunajitolea. Mwingine anaingia siku akipata bando au akishamaliza kusahihisha mitihani. Mpe walau wiki.

Unapongoja, zisome hoja za upande wa pili mpaka uweze kuziandika kwa namna ambayo mwenyewe akisoma atasema, ndiyo, hicho ndicho ninachosema. Kwangu mimi hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Malawi inategemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, uliopitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa, pamoja na azimio la OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, lililopitishwa Cairo mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyokuwepo nchi zilipopata uhuru. Tanzania inasema mpaka upite katikati, kama ilivyo desturi ya sheria za kimataifa kwa maziwa yanayotenganisha nchi. Ukishayaelewa yote mawili, linganisha sentensi hizi:

"Mpaka wa Tanzania na Malawi unapita katikati ya Ziwa Nyasa."

"Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa; Malawi, ikitegemea mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, inasema mpaka uko kwenye ufukwe wa mashariki."

Ya pili ni ndefu, lakini mtu wa Nkhata Bay kule Malawi na mtu wa Mbamba Bay huku Tanzania wote wawili wataisoma wasione sababu ya kuifuta. Kila dai limetajiwa mwenyewe. Usiridhike na "baadhi ya watu husema", maana msomaji ana haki ya kuuliza ni akina nani.

Mimi nimekua nikiona baba zetu wakirudi alfajiri na mitumbwi yao, na hakuna atakayeniambia wale walikuwa wageni kwenye maji yale. Hata hivyo, hayo siyaandiki kwenye makala. Wikipedia inapokea yaliyochapishwa na vyanzo vya kuaminika. Ninayoyajua kwa macho yangu huhesabiwa kuwa utafiti binafsi, na hauruhusiwi. Kanuni hiyo inauma, lakini ndiyo hiyohiyo inayomzuia mwenzangu wa ng'ambo kuniletea ya babu yake.

Wala usidhani kutopendelea maana yake ni kugawa aya nusu kwa nusu. Mtu akija kudai Mlima Kilimanjaro uko Kenya, humpi hata mstari. Uzito wa vyanzo ndio unaopimwa.

Ukitukanwa, jibu ile sehemu ya ujumbe inayohusu makala tu, nyingine ipite. Mkikwama, omba mtu wa tatu kwenye ukurasa wa jumuiya. Wikipedia yetu ya Kiswahili ina wahariri wachache, kwa hiyo taja mtu unayeona ameandika makala za jirani na hiyo na umwombe asome. Usiwaite marafiki waje kukuunga mkono kwa wingi, kwani makubaliano hutokana na hoja. Wakabidhi, yaani wahariri waliopewa uwezo wa kulinda kurasa na kuzuia watu, waite ikiwa ukurasa unahitaji kulindwa au mtu amezidisha fujo. Kazi yao si kuamua nani anasema kweli kuhusu ziwa.

Mkishakubaliana, mwachie yule mliyekuwa mkibishana naye aiweke sentensi hiyo yeye mwenyewe, na tanbihi zake zote. Akiiweka kwa mkono wake ataitunza. Mwombe tu aandike kwenye muhtasari "kwa mujibu wa majadiliano", ili mgeni atakayekuja mwakani na hasira zilezile ajue pa kuanzia kusoma.