Namna ya Kufundisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwa Miguu, kutoka Raskazone hadi Kange

Mwanafunzi wa Tanga anayesoma Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kitabuni hukutana na Sarajevo na Verdun kabla hajakutana na barabara anayoipita kila siku akienda shule, na wengi humaliza kidato cha nne bila kujua kwamba ardhi wanayoikanyaga iligombewa na watu wapatao 9,000 mwezi Novemba 1914. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa historia, au mtu yeyote anayelea kikundi cha vijana, anayetaka kuifundisha vita hiyo kwa kutembea. Utahitaji vipindi viwili vya darasani, asubuhi moja ya kutembea, karatasi kubwa ya kalenda, kamba ya mkonge, na mfuko wa unga wa kilo 25. Kazi ya kamba na mfuko nitaieleza mahali pake.

Anza darasani, na usianze na mwanamfalme aliyepigwa risasi Sarajevo. Mimi nilianza hivyo kwa miaka kadhaa, na kila mara nilipofika Afrika Mashariki darasa lilikuwa limekwisha choka na kengele imelia. Sasa ninabandika ukutani kalenda ya wiki moja tu, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Novemba 1914, na ninawaachia wanafunzi waijaze. Tarehe 1, manuari za Kijerumani zinazizamisha manuari mbili za Kiingereza karibu na Coronel, pwani ya Chile. Tarehe 2, manuari ya Kiingereza HMS Fox inatokea mbele ya bandari ya Tanga. Tarehe 5, siku ambayo majeshi ya Uingereza yanaondoka Tanga yameshindwa, serikali ya London inatangaza vita dhidi ya dola ya Uthmaniya. Tarehe 7, ngome ya Wajerumani ya Qingdao nchini China inasalimu amri mbele ya Wajapani na Waingereza. Wiki hiyo yote, huko Ubelgiji, watu wanauana kwa maelfu kuzunguka mji wa Ypres. Mwanafunzi akishaiona Tanga imekaa katikati ya safu hiyo, huna haja ya kumweleza kwa nini vita hii iliitwa ya dunia, na hapo ndipo maelezo ya Sarajevo na ya mikataba ya mataifa makubwa yanapopata pa kushika.

Kipindi cha pili kiwe cha ramani, na katika ramani jambo la kusisitiza ni reli. Tanga ilikuwa bandari na pia mwanzo wa reli ya Usambara, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1893 na kuifikisha Moshi miaka michache tu kabla ya vita, urefu wa kilometa zipatazo 350. Upande wa pili wa mpaka ilikuwepo reli ya Waingereza kutoka Mombasa kwenda ziwa Viktoria. Waambie wanafunzi waziweke reli hizo mbili kwenye ramani moja na wajiulize: jeshi linaloishika Tanga linaweza kwenda wapi, na jeshi lililoko Moshi linaweza kufika Tanga kwa muda gani? Nusu ya habari ya vita hivi imo katika majibu ya maswali hayo mawili. Gavana wa koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, Heinrich Schnee, alitamani koloni lake lisihusishwe na vita, lakini kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliamini kwamba kila askari wa adui atakayeshikiliwa Afrika ni askari aliyepunguzwa katika uwanja wa Ulaya. Hilo la pili ndilo lililoshinda, na gharama yake wakailipa watu ambao hawakuulizwa.

Kabla ya siku ya kutembea, toa taarifa kwa wenyeviti wa mitaa mtakayopita na kwa wazazi, na hakikisha maji ya kunywa yanatosha. Vita vyenyewe vilipamba moto mchana wa tarehe 4, lakini ninyi ondokeni saa 12 na nusu asubuhi. Jua la Novemba hapa Tanga halina huruma, na mwaka wangu wa kwanza niliwapoteza wasikilizaji wote kabla hatujafika katikati ya mji kwa sababu nilitoka nao saa 5.

Kituo cha kwanza ni Raskazone. Wasimamishe wanafunzi mahali panapoonekana ghuba na bahari ya nje, waangalie maji, mikoko na mwinuko wa ufukwe, nawe usizungumze kwa dakika chache. Kisha waambie wahesabu vyombo vinavyoonekana. Tarehe 2 Novemba 1914 Kapteni Caulfeild wa HMS Fox aliingia bandarini, akamtaka mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, asalimishe mji ndani ya saa moja, na akauliza kama bandari ilikuwa imetegwa mabomu ya majini. Nyuma yake zilikuwepo meli 14 za uchukuzi zenye askari wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, waliotoka Bombay tarehe 16 Oktoba. Saa moja ile ikapita bila jibu walilolitaka, na siri ya safari nzima ikawa imekwisha. Von Lettow-Vorbeck alikuwa upande wa Moshi. Simu ya upepo na ya waya ikafanya kazi yake, na garimoshi zikaanza kushusha kombania za askari kuelekea pwani.

Hapa ndipo pa kuwaeleza kuhusu watu waliokuwa melini. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa Kihindi waliokaa baharini zaidi ya wiki mbili katika msongamano na joto, wakaugua, na baadhi yao walikuwa wamekabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya kusafiri. Jenerali Aitken alikataa msaada wa King's African Rifles, yaani jeshi la Waingereza la askari Waafrika, waliolijua pori la nchi hii. Nisingependa mwanafunzi aondoke Raskazone akidhani kwamba walishindwa kwa uoga. Walishushwa usiku katika ufukwe wa mikoko wasioujua, na asubuhi ya tarehe 3 kikosi cha kwanza kikatumwa mbele bila kufanya upelelezi wa kutosha, kikarudishwa nyuma kwa hasara kubwa.

Kutoka Raskazone tembeeni taratibu kuelekea mjini. Njia hii siku hizi ina nyumba na bustani pande zote mbili, lakini wakati ule ilikuwa mashamba ya mpira, mkonge na mahindi pamoja na vichaka, kiasi kwamba mtu hakumwona mwenzake hatua chache mbele. Wagawe wanafunzi makundi matatu, kila kundi lishike njia yake sambamba na mwenzake, na wajaribu kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja bila simu. Hawatafika pamoja, na hilo halina ubaya. Mchana wa tarehe 4, mstari wa vikosi vya Aitken ulikatikakatika kwa namna hiyohiyo, kila kikosi kikivutwa upande wake, na mwishowe upande wa kushoto ukavunjika.

Eneo hilohilo ndilo kituo cha pili, na ndipo nyuki walipotoka. Kiswahili kinatupa hapa neno ambalo mwalimu hapaswi kuliacha lipite: mzinga wa nyuki na mzinga wa kivita ni neno moja, na siku ile Tanga ilikuwa nayo yote mawili. Risasi ziliichangua mizinga iliyokuwa mitini, na nyuki wakawashambulia watu kwa hasira. Kwa sababu hiyo vita hivi huitwa Vita vya Nyuki, na hadithi ikavuma kwamba Wajerumani waliitega mizinga hiyo kwa makusudi. Tumia hadithi hiyo kuwafundisha kupima ushahidi. Uliza: nyuki waliwauma akina nani? Jibu ni kwamba waliwauma watu wa pande zote mbili, hata wapiga bunduki za rashasha wa Kijerumani. Mtego haumchagui aliyeutega, bila shaka, lakini hadithi ya mtego ilikuwa na faida kwa upande ulioshindwa, na mwanafunzi anapaswa kuizoea tabia ya kuuliza hadithi inamfaa nani.

Kituo cha tatu ni mahali reli ilipopita kati ya bandari na stesheni. Mkato wa reli, yaani mfereji uliochimbwa ili reli ipite, ulitumika kama handaki, na watetezi wa mji walijipanga nyuma yake. Simameni upande wa mashariki, na mwanafunzi mmoja asome kwa sauti majina ya waliovuka: askari wa Kihindi wa Kashmir, wenzao wa kikosi cha Kiingereza cha North Lancashire, na sehemu ya kikosi cha Kihindi cha Rajput. Hao waliingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba na kuifikia hoteli ya Deutscher Kaiser, kabla ya kombania mpya za von Lettow-Vorbeck kuwazunguka kutoka kusini. Kapteni Tom von Prince aliuawa siku hiyohiyo upande wa Wajerumani. Hesabu ya mwisho ilikuwa takribani 360 waliouawa upande wa Uingereza, na upande wa pili Wajerumani 16 na askari Waafrika 55. Sitisha kidogo kwenye hiyo 55. Majina ya maofisa yamechapwa katika vitabu vingi. Waulize wanafunzi ni wapi wameona majina ya hao 55.

Kwenda Kange pandeni daladala, maana ni kilometa 6 hivi kutoka mjini na miguu itakuwa imechoka. Vijana wanaijua Kange kwa stendi ya mabasi ya mikoani. Mwaka 1914 ilikuwa kituo cha reli ambapo askari walishushwa, na alfajiri ya tarehe 4 von Lettow-Vorbeck alitoka huko kwa baiskeli kwenda kuutazama mji na meli zilizokuwa zimewasha taa bandarini. Jioni ya siku hiyo, baada ya mapigano, kombania zake ziliielewa vibaya amri zikarudi kambini Kange, na kwa saa kadhaa za usiku Tanga ilibaki karibu tupu. Aitken hakujua. Asubuhi aliamuru askari wake warudi melini, wakaacha nyuma bunduki za rashasha, bunduki za kawaida zaidi ya 400 na risasi zaidi ya nusu milioni, ambazo Wajerumani walizitumia kupigana nao tena.

Sasa toa mfuko wa unga. Mzigo wa mpagazi wa vita ulikuwa wa uzito unaokaribiana na huo. Kila mwanafunzi mwenye afya aubebe kichwani hatua 200, nawe uwaeleze kwamba mpagazi aliubeba kutwa, siku baada ya siku, kwa posho isiyoshibisha. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo jeshi likabebwa na binadamu. Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja katika kipindi chote cha kampeni, na waliofariki hawapungui 95,000, wengi kwa malaria, kuhara damu na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kambi ya kikosi hicho cha wapagazi, yaani Carrier Corps. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili aliuweka mfuko chini baada ya hatua 140, akakaa juu yake, akauliza kama mpagazi aliruhusiwa kuuweka chini. Nilimjibu kwamba aliyeuweka chini bila ruhusa aliweza kuchapwa. Hakuna aliyezungumza mpaka tulipoanza shughuli ya kamba.

Kamba ya mkonge ifungwe mafundo 52, fundo moja kwa kila mwezi kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Vita vya Tanga vipo katika fundo la 4. Fundo la 6 ni Jasini, karibu na mpaka, ambako Wajerumani walishinda lakini wakapoteza maofisa na risasi nyingi mno, na tangu hapo wakaamua kuepuka mapambano ya ana kwa ana. La 9 ni ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ambako meli ya shehena ya Wajerumani ilishambuliwa na manuari ya Kiingereza HMS Hyacinth na bado shehena nyingi ikaopolewa. Fundo la 24 ndipo majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipoingia Tanga, Julai 1916. La 25 Bagamoyo. La 26 Dar es Salaam. La 39 ni Mahiwa, karibu na Lindi, vita vilivyomwaga damu nyingi kuliko vyote vya kampeni hii. La 40 ni kuvuka mto Ruvuma. Fundo la 52 ni Mbala, ambayo wakati huo iliitwa Abercorn, ambako von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kila mwanafunzi ashike sehemu ya kamba, na yule aliyeshika fundo la 4 atazame umbali uliobaki.

Kazi ya nyumbani ni kuwauliza wazee. Waelekeze vijana wasimuulize bibi au babu kama ukoo wao "ulishiriki Vita Kuu ya Kwanza", kwa sababu jibu litakuwa hapana. Wampe shikamoo yake, wakae, kisha waulize habari za enzi za Mdachi na vita vya Mjerumani: nani alichukuliwa kwenda kubeba mizigo, nani hakurudi, nani alirudi akiwa na jina jipya, na chakula kilipatikana wapi. Waandike maneno kama yalivyosemwa, pamoja na jina la mtaa au kijiji, na wamsomee mzee walichoandika kabla ya kuondoka ili arekebishe. Nakala moja ibaki kwa familia, nyingine ihifadhiwe maktaba ya shule, ikiwa imefungwa kwa kipande cha kamba ileile chenye fundo la mwezi uliotajwa katika simulizi hilo.