Ukitaka gari la paa la kukunja, angalia nyuma ya viti kwanza

Wengi huamini gari la paa la kukunja ni hatari kuliko ndugu yake mwenye paa la chuma. IIHS, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa barabarani, ililinganisha matoleo hayo mawili ya magari yaleyale mwaka 2020, na haikuona vifo vya madereva vikizidi kwenye yale ya kukunja. Lakini gari likibiringika, paa la turubai halimzuii mtu kurushwa nje. Hapo mkanda ndiyo kila kitu, hata ukienda dukani tu.

Kwa hiyo ukinunua, hasa lililotumika, tazama vyuma vya kukinga kichwa nyuma ya viti. Mazda MX-5 za kuanzia 2005 zinavyo vya kudumu. Mercedes-Benz SL ya 1989 ilileta chuma kinachochomoka chenyewe gari linapoanza kupinduka. Mfumo kama huo ukiwasha taa ya onyo, fundi aurekebishe kabla hujalipa. Kagua pia kutu chini ya milango: gari lisilo na paa gumu hutegemea sana sehemu hiyo kwa uimara wake, na rangi mpya huificha vizuri mno.