Kumpata mhariri wa mswada ukiwa Mbeya au Iringa

Kwanza, malizia mswada. Usimpelekee mtu sura tatu na ahadi. Usome kwa sauti, rekebisha unayoyaona mwenyewe. Kosa unaloweza kuliondoa bure usililipie.

Pili, jua unanunua nini. Uhariri wa maudhui unagusa hadithi yenyewe: wahusika, mtiririko, sura ya kukata. Uhariri wa lugha ni sentensi na sarufi. Kusoma prufu, yaani kusaka makosa madogo ya chapa yaliyobaki, ni mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa. Wengi wanaomba prufu ilhali hadithi bado haijasimama.

Tatu, tafuta. Fungua vitabu unavyovipenda, angalia ukurasa wa shukrani. Mara nyingi mhariri ametajwa. Iringa mnao wahadhiri wa Kiswahili pale chuo cha Mkwawa, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nao wanahariri.

Nne, na hapa usiwe na haraka: omba akuharirie kurasa tano za majaribio, hata kwa kulipia. Chagua zenye mazungumzo, halafu tega. Mimi humwacha Tusekile wa ukurasa wa kwanza awe Tumaini ukurasa wa nne, na baba yake avune mahindi Uyole mwezi Desemba, wakati watu ndio wanapanda. Aliyepanga mikato tu akaviacha vyote viwili, mshukuru, mlipe, tafuta mwingine. Anayekuandikia pembeni "Huyu Tumaini katoka wapi? Mbona wanavuna mvua ikianza?" huyo mshike. Ila akimfutia mzee wa Kihehe "kamwene" yake na kuweka "habari za asubuhi", muulize sababu kabla hujampa mswada wote.

Tano, andikianeni. Bei ikiwa kwa ukurasa, tajeni ukubwa wa herufi na nafasi ya mistari. Malipo kwa awamu, tarehe, na atapitia mara ngapi.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Shemeji yangu anafundisha Kiswahili sekondari Tukuyu, anatosha?

Marahaba. Kwa sarufi huenda. Mpe kurasa tano kama wengine. Shida ya shemeji ni kwamba akichelewa utashindwa kumbana.

Akiniibia hadithi je?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika, hata kama hujasajili. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Nikiyakataa masahihisho yake?

Kitabu ni chako. Mwambie mapema afanyie kazi kwenye Word, masahihisho yakionekana, ukubali au ukatae moja moja. Akikuletea faili safi lisiloonyesha alipogusa, mrudishie kabla hujamalizia malipo.