Namna ya Kuichambua Harakati ya Kujitenga Kabla ya Kuizungumzia

Hapa Lubumbashi, neno "kujitenga" likitajwa sebuleni, mazungumzo hugeuka ugomvi wa ukoo kabla chai haijapoa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu au kiongozi wa kikundi cha majadiliano anayetakiwa kuzungumzia harakati za namna hii barani Afrika, naye hataki kuzitia zote katika chungu kimoja. Vifaa ni vichache: daftari, ramani ya Afrika ya leo, na ramani nyingine ya wakati wa ukoloni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye kazi kubwa zaidi.

Kwanza andika, kwa sentensi moja, kile ambacho harakati yenyewe inakidai. Kujitenga ni kutaka dola jipya lenye bendera, jeshi na kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Kujitawala kwa ndani ni kubaki katika nchi ileile huku mkiwa na bunge, bajeti au mahakama zenu. Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, ina rais wake na Baraza lake la Wawakilishi ingawa ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili upo mtego mmoja hapa: neno "jimbo". Kwetu Kongo jimbo ni eneo linaloongozwa na gavana. Tanzania ni eneo linalomchagua mbunge. Na Kenya, tangu mabishano ya katiba ya mwaka 1963, "majimbo" ni jina la siasa nzima ya kugawa madaraka. Ukinukuu gazeti la Nairobi mbele ya wasikilizaji wa hapa bila kulieleza hilo, watakuelewa vingine kabisa.

Hatua ya pili ndiyo ya kukalia muda mrefu: ni mpaka gani unaodaiwa? Mwezi Julai 1964, mjini Kairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo nchi zao zilipopata uhuru, na tangu hapo harakati zenye mstari wa kikoloni wa kuonyesha zimekuwa na hoja nzito kuliko zile zisizo nao. Eritrea ilikuwa koloni la Italia, ikafungwa katika shirikisho na Ethiopia mwaka 1952, shirikisho hilo likafutwa mwaka 1962, na baada ya vita vya miaka thelathini ikapiga kura ya uhuru mwaka 1993. Somaliland, iliyojitangazia uhuru Mei 1991, hukumbusha kwamba ilikuwa dola huru kwa siku tano, kuanzia tarehe 26 Juni 1960 hadi ilipoungana na Somalia iliyotawaliwa na Waitalia. Lakini Umoja wa Afrika haukuipa kiti, jambo linaloonyesha kwamba hoja nzito na kutambuliwa ni vitu viwili. Sahara Magharibi wengi huiweka katika orodha hii kimakosa: Umoja wa Mataifa unaihesabu kuwa eneo ambalo bado halijajitawala, kwa hiyo kesi yake ni ya kuondoa ukoloni. Hata Sudan Kusini, iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, haikuchorewa mpaka upya. Mkataba wa mwaka 2005 uliurudisha mstari wa kiutawala wa tarehe 1 Januari 1956.

Sasa ijaribu njia hii kwa Katanga, eneo la kusini mwa Kongo ambalo mji wetu umo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alitangaza uhuru wa Katanga katika mji huu, ulioitwa Elisabethville wakati huo, na dola hilo likadumu hadi Januari 1963 bila kutambuliwa na nchi yoyote. Wanaoitetea husema kwamba tangu mwaka 1900 Katanga iliongozwa na kamati yake maalumu, mbali na sehemu nyingine za Kongo. Andika hoja hiyo kwa haki. Kisha andika chini yake kwamba mwaka 1960 Katanga ilikuwa jimbo mojawapo la Kongo ya Ubelgiji, hivyo mstari wake ulikuwa wa ndani.

Hatua ya tatu ni kufuata fedha. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilimlipa Tshombe kodi ambazo zilipaswa kwenda mji mkuu, Léopoldville (Kinshasa ya leo), na maofisa wa Kibelgiji wakakisimamisha kikosi chake cha jandarma, yaani askari wake wenye silaha. Lakini usiwe mtumwa wa madini katika uchambuzi wako. Mgogoro wa maeneo yanayozungumza Kiingereza nchini Kameruni uliwaka mwaka 2016 kwa sababu ya mahakama na shule, pale mawakili na walimu walipogoma. Na kwa upande wetu, sehemu kubwa ya manung'uniko ya leo inahusu kifungu cha 175 cha Katiba ya mwaka 2006, kinachoyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe palepale yanapokusanywa. Anayedai kifungu hicho kitekelezwe hadai kujitenga, nami huchoka kuwasikia watu wakimwita mtenganishi.

Hatua ya nne: tafuta ni nani, katika eneo lilelile, anayekataa. Chama cha Balubakat cha Jason Sendwe kilimpinga Tshombe kutoka ndani ya Katanga, na mwaka 1961 maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji huu. Ukiwahoji wazee, usiishie kwa mmoja. Mzee mmoja atakusimulia noti zenye picha ya Tshombe na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba. Mwenzake wa mtaa wa pili atakusimulia hema. Waamkie, kaa, acha waanze wenyewe, na usiwasahihishe tarehe wakiwa wanaongea.

Majina yaangalie pia. Anayesema "Ambazonia" na anayesema "mikoa ya Kaskazini-Magharibi na Kusini-Magharibi" wanataja ardhi moja ya Kameruni, na kila mmoja ameshachagua upande. Kundi la Kata Katanga, lililoingia Lubumbashi kwa silaha tarehe 23 Machi 2013, lilibeba dai lake katika kitenzi cha Kiswahili: kukata. Kwa upande mwingine, tangu kundi la waasi la M23 lilipoiteka miji ya Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, Januari na Februari 2025, neno "balkanizasyo", yaani kuikatakata nchi vipande, limekuwa mdomoni mwa kila mtu. Kabla ya kulitumia kikundini, irudie sentensi yako ya hatua ya kwanza, uone kile ambacho kundi lenyewe linakidai na kile ambacho wapinzani wake wanahofia, na uviandike katika mistari miwili tofauti.

Tumia kalamu ya wino kwa Katanga na Biafra (iliyojitenga na Nigeria mwaka 1967 hadi 1970), kwa kuwa majaribio hayo yamekwisha. Azawad iandike kwa penseli, kwa kuwa habari yake bado inabadilika: ilitangazwa tarehe 6 Aprili 2012 kaskazini mwa Mali, mkataba wa amani ukatiwa saini mwaka 2015, na Januari 2024 serikali ya kijeshi mjini Bamako ikaufuta.