Somo: Kuipeleka familia kula nyama choma bila kugombania bili

Salaam kwenu wote. Nimeombwa nieleze namna ya kupanga mtoko wa familia, ule wa watu kumi na kuendelea: bibi yumo, watoto wamo, mashemeji na marafiki wawili watatu wamo, na mnakwenda kula nyama choma. Kwetu Dar es Salaam kazi hii huwa inaniangukia mimi, nami naipenda. Ninalomsisitizia kila anayeniuliza ni hili: awepo mtu mmoja anayeshika oda na fedha, na wote wamjue kabla hamjafunga mlango wa nyumbani. Humu nitamwita mratibu. Mengine yote yanafuata hapo.

Hatua ya 1: Semeni nani analipa

Kuna mtoko wa mwaliko na kuna mtoko wa mchango. Ukisema "Jumapili nawatoa", umeshabeba bili yote, pamoja na soda ya tatu ya mpwa wako. Ukisema "Jumapili tutoke", hapo watu wameelewa vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo itaonekana mezani bili ikifika. Basi andika waziwazi kwenye kundi la familia: huu ni mchango, kila mtu mzima kiasi fulani, watoto hawalipi, pesa zitumwe kwa namba fulani hadi Ijumaa jioni.

Kiasi hicho usikikisie. Piga simu mahali mnapokwenda, uliza bei ya kilo ya wiki hiyo, kisha piga hesabu. Mfano: watu wazima 8, watoto 5. Tuchukulie kilo ya mbuzi ni shilingi 20,000. Kilo 4 ni 80,000. Kuku mzima 25,000. Chipsi za watoto sahani 3 kwa 3,000 ni 9,000. Ndizi, ugali na kachumbari 20,000. Vinywaji viwili kwa kila mtu, 26 kwa 1,500, ni 39,000. Jumla 173,000. Gawanya kwa watu wazima 8 utapata 21,625, lakini wewe tangaza 25,000. Zitaingia 200,000, na ile 27,000 ya ziada ndiyo ya maegesho, ya asante kwa mhudumu, na ya mtoto aliyemwaga juisi.

Kila familia ina mtu ambaye mwezi huo mambo yamemkalia vibaya. Huyo usimwache asome tangazo halafu atafute kisingizio cha kutokuja. Mpigie pembeni, mwambie, "Mdogo wangu, wewe njoo, yako imeshalipwa," na jambo hilo libaki kati yenu wawili. Asitajwe kwenye orodha ya waliolipa na wasiolipa. Nimeona watu wakipotea kwenye mikusanyiko ya ukoo kwa sababu ya orodha kama hizo, na kuwarudisha huchukua miaka.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa kuangalia watu

Anza na bibi. Je, pana ngazi? Choo ni cha kukaa? Viti vina mgongo, au ni vile vistuli vya baa? Halafu watoto: uwanja una uzio, au ukigeuka tu wako barabarani? Spika ziko wapi? Meza ya mbele ya spika haifai kwa mzee wala kwa mtoto mchanga, hata kama ndiyo yenye kivuli.

Kisha imani za watu. Sehemu nyingi za nyama choma zinauza pia kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na mara nyingi jiko ni hilohilo na kisu ni hichohicho. Kama mna Mwislamu hata mmoja, usimwambie "wewe utakula samaki". Nendeni mahali pasipopika kitimoto kabisa. Mkiwa na Wasabato, kumbukeni kwamba pamoja na nguruwe hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambare haagizwi kwa ajili yao, sato anafaa. Na kama ni Kwaresima, waulize Wakatoliki wenu kabla ya kupanga Ijumaa.

Fikeni kabla ya saa saba mchana kama ni Jumapili. Baada ya hapo wanaotoka ibadani wamejaa, na foleni ya jikoni inakuwa ndefu.

Hatua ya 3: Nenda buchani mwenyewe

Hapa ndipo pesa yenu inapokwenda, kwa hiyo msiwe wavivu. Nyama choma huuzwa kwa uzito wa nyama mbichi. Ikishakaa juu ya mkaa inapoteza maji na mafuta, na kilo moja inaweza kurudi mezani ikiwa na robo pungufu au zaidi, mfupa ukiwemo. Anayeona sinia na kusema "hii si kilo nne" kwa kawaida amesahau hilo. Lakini ili uwe na uhakika, lazima uwe umeiona ikipimwa.

Mratibu aende kwenye dirisha la bucha, asimtume mhudumu. Aangalie mizani kabla nyama haijawekwa: mshale usome sifuri. Achague kipande kwa jicho. Mbavu ni tamu na zina mafuta, ila nusu yake ni mfupa. Paja lina mnofu na linashibisha watu wengi. Kwa kundi kubwa mimi huchukua paja kilo mbili na nusu, mbavu kilo moja na nusu, ili wapenda kuguguna mifupa nao wafurahi. Baada ya kupima, uliza itachomwa na nani, umwone, na umwambie mwenyewe: ikauke au ibaki laini, chumvi aweke wakati gani, limau liwe pembeni. Mchomaji aliyeonana na mwenye nyama huiangalia kwa namna nyingine.

Kama mnataka kuku wa kienyeji, huyo aagizwe kwanza, tena kwa simu kabla hamjatoka, maana anachemshwa muda mrefu ndipo aende motoni. Wa kisasa anawahi, lakini kabla hamjaanza kula fungua paja karibu na mfupa. Pakiwa na wekundu, arudi jikoni bila mjadala. Kuku asiyeiva vizuri anaweza kuwapeleka watoto hospitali.

Hatua ya 4: Oda iende kwa awamu

Nyama itachukua dakika 45 hadi saa nzima, na siku ya msongamano zaidi. Watu wenye njaa kwa saa nzima hununa, na watoto hulia. Kwa hiyo toa oda tatu. Ya kwanza, mnapokaa tu: chipsi za watoto na supu kwa wakubwa. Ya pili ni nyama yenyewe. Ya tatu, mchomaji akisema bado dakika kumi, ndiyo ugali, ndizi na kachumbari, ili vifike vikiwa vya moto pamoja na nyama. Ugali uliotangulia ukapoa hauna mwenyewe.

Agizeni vya sinia badala ya kila mtu sahani yake. Sinia moja kwa watu wanne au watano inatosha kila mkono kufika katikati. Watu kumi wakiagiza vitu kumi tofauti, wawili wataletewa wakati wengine wameshanawa.

Bibi aangaliwe kivyake. Mwambie mchomaji, akiileta nyama kwenye ubao, akate kwanza fungu la bibi: mnofu wa ndani, vipande vidogo kama ncha ya kidole, bila ule ukoko uliokauka. Hapo utamwona mtaalamu. Anashika mfupa kwa mkono wa kushoto, kisu kinapita mara mbili, mnofu unalala upande, chumvi inakaa kilima kidogo kwenye pembe ya ubao. Kama bibi hana meno kabisa, mwagizieni mchemsho wa kuku au mtori, na uje wakati mmoja na chakula chenu. Asikae anawatazama.

Mhudumu akija na jagi na beseni la kunawia, aanzie kwa wazee. Pilipili ikae kwenye kibakuli chake mbali na watoto.

Hatua ya 5: Bili

Iombe wakati watu bado wanazungumza, kabla hawajaanza kusimama. Chupa tupu zisiondolewe mezani. Ndizo ushahidi wenu wa vinywaji. Mratibu asome bili mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini, akilinganisha na oda aliyoandika kwenye simu yake. Kikiwepo kitu kisichoeleweka, amfuate mhudumu kaunta na kumuuliza kwa adabu. Mara nyingi ni soda ya meza ya jirani.

Mkilipa kwa Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kulipia kwa simu, subirini jina la mpokeaji litokee, mlisome, ndipo muweke namba ya siri. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Tanzania Bara kisheria mnunuzi naye anapaswa kuidai, na kwa mratibu ndiyo picha ya kutuma kwenye kundi la familia ili waliochanga waone. Asante ya mhudumu si lazima, ila ni vizuri, na msimsahau mchomaji aliye kwenye moshi.

Nyama ikibaki, njooni na kontena zenu kutoka nyumbani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na karatasi inalowa mafuta njiani. Iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto la Dar msiibebe.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mwanza: Mkuu, asante kwa somo. Shemeji yangu akialikwa huja na marafiki wawili ambao hatukuwahesabu. Nifanyeje bila kumuudhi dada?

Jibu: Ongea na dada, usiongee na shemeji. Siku mbili kabla mpigie, "Dada, nafunga hesabu ya nyama leo, nyie mko wangapi?" Akitaja watu wanne, hao wanne ndio wanaochangia. Wakija sita, wapokeeni kwa uso mkunjufu, ongeza nusu kilo na soda mbili kutoka kwenye ile ziada. Mgeni akishafika hafukuzwi wala hatangaziwi mchango akiwa amekaa.

Mwanachama, Mombasa: Sisi huku nyama choma si sana. Ijumaa baada ya swala twapenda kwenda na wazee kula biriani. Hatua hizi zafaa?

Jibu: Zinafaa, ila foleni yenu ni tofauti. Biriani inapikwa sufuria moja asubuhi, ikiisha imeisha. Pigeni simu kabla ya saa tano, mwambie mwenye hoteli awawekee sinia ngapi na za nini, mbuzi au kuku. Ombeni rojo iletwe kando, maana wazee wengine hawataki viungo vingi. Na mtu mmoja atangulie kushika meza, kwa sababu msikiti ukitoka wote mnafika pamoja.

Mwanachama, Nairobi: Huku kuna mahali bili inakuja kubwa kuliko menyu. Wanasema ni kodi. Ni sawa?

Jibu: Kenya kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 kwenye hoteli na mikahawa inayohusika. Sehemu nyingi bei ya menyu imeshajumlisha, na huandikwa chini kabisa kwa maandishi madogo. Soma hapo kabla ya kuagiza. Kama hapajaandikwa, muulize mhudumu mbele ya watu wako, "Bei hii ni pamoja na kodi?" Jibu lake mshike nalo bili ikija.

Mwanachama, Morogoro: Ofisini tunatoka pamoja, tuko mchanganyiko. Wenzangu huniambia hapo wanapochoma kitimoto niagize tu samaki. Mimi ni Mwislamu. Nawaelezaje?

Jibu: Dada, waeleze hivyohivyo kwa upole: mafuta ni yaleyale, wavu ni uleule, kisu ni kilekile, na moyo wako hautulii. Kisha taja mahali pengine unapopajua, penye chakula kizuri na bei inayolingana. Watu wengi hawakatai. Hawajui tu jikoni kukoje. Na wewe mratibu wa ofisi unayesoma hapa, usisubiri dada huyu aseme.

Mwanachama, Arusha: Nimepata kazi mwaka huu, nataka kuwatoa wazazi. Lakini baba akiona bili lazima aichukue yeye, na najua hana. Nikimzuia ataona namdharau.

Jibu: Bili isifike mezani. Ukifika tu, kabla hujakaa, pita kaunta, acha pesa ya kutosha, mwambie mhudumu hesabu zote zimalizikie hapo. Mkimaliza kula, baba akiita bili, mhudumu atasema imeshalipwa. Hapo usijisifu. Mwambie, "Baba, shikamoo, leo niachie mimi," na umwachie yeye awape wahudumu asante: mwekee mkononi noti mbili tatu mapema, mkiwa bado kwenye gari, useme ni za kununulia maji njiani.