Tende za kujaza lozi, kama za Moroko

Moroko mgeni wa heshima hupokewa kwa tende na maziwa. Ukitaka kuzipandisha hadhi, zijaze lozi.

Tafuta tende 20 kubwa, laini, aina ya medjool. Zile kavu hupasuka ukizifungua. Loweka lozi gramu 150 kwenye maji ya moto dakika chache, zimenye, zikaushe, kisha zisage na sukari gramu 60. Kanda na kijiko cha siagi na kimoja cha maji ya maua ya mchungwa. Kimoja tu! Ukizidisha utadhani unatafuna marashi. Chana tende upande mmoja, toa kokwa, jaza, acha lozi ichungulie. Wengine huko hutia rangi ya kijani. Mimi sioni haja.