Mbwa Mzee Ana Saratani Nyumbani Uganda, na Wewe Uko Kyeyo

Simu ya namna hii haichagui saa. Kwangu ililia saa tano usiku hapa Waltham, Massachusetts, na kwetu Walukuba, Jinja, kulikuwa kunapambazuka. Mama hakuanza na salamu zake ndefu. "Mwanangu, Kamanda hakanyagi mguu wa mbele. Juu ya kifundo pamevimba, pagumu kama jiwe."

Kamanda alikuwa na miaka 11, nusu mbwa wa polisi, nusu wa mtaani. Sisi watu wa kyeyo, yaani wa kazi za ughaibuni, tuna ugonjwa wetu: kila tatizo la nyumbani tunalijibu kwa mobile money. Usiku uleule nilituma hela ya dawa kabla sijajua ni dawa ya nini. Akaja mtu na begi, akamdunga sindano, akasema "kansa", akaondoka. Hela ile ilipotea. Naandika haya ili yako isipotee hivyo.

Imejulikanaje?

Ukiambiwa "kansa" kwenye simu, uliza kwanza imejulikanaje. Kwa kutazama? Kwa kushika? Kwetu "musawo" ni neno pana mno: ni daktari, ni nesi, ni muuza duka la dawa, ni kijana anayezungusha chanjo za kuku. Na wengi wanaotibu wanyama vijijini ni mafundi wa ng'ombe. Hakuna aibu kuuliza kama mtu amesajiliwa na Uganda Veterinary Board, na kama amewahi kutibu uvimbe wa mbwa.

Hela ya kwanza iende kwenye kipimo. Uvimbe wa ngozi au mtoki huchomwa sindano nyembamba, chembe zikavutwa na kupakwa kwenye kioo, kikatazamwa kwa hadubini. Mara nyingi hata usingizi hauhitajiki. Pasipotosha, hukatwa kinyama kidogo kikatiwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara. Kampala kuna chuo cha tiba ya wanyama cha Makerere, ambacho kina kliniki ya wanyama wadogo. Kaskazini, Gulu kuna hospitali ya BIG FIX. Kama kliniki ya mtaani kwenu haina hadubini, waombe wachukue sampuli tu na waseme wataipeleka wapi.

Nasisitiza kipimo kwa sababu Uganda ina magonjwa yanayovaa kanzu ya saratani. La kwanza ni la kupe. Mbwa mwenye ehrlichia huvimba mitoki, hukonda, ufizi ukapauka, hata akatoka damu puani. Mtu wa haraka atasema ni kansa ya damu. Kumbe kipimo cha damu na dozi ya doksisaiklini ya wiki nne hivi vingemwinua. Kuna pia uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi, unaotembea ukiusukuma kwa kidole. Mbwa wazee wanao wengi na wanaishi nao.

Halafu kuna ile ambayo ni saratani kweli, lakini inapona. Madaktari huiita TVT: chembe za saratani zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine kwa kujamiiana, kulambana na kunusana. Mahali ambapo mbwa wanazurura usiku, kama mitaa yetu mingi, ipo. Dalili yake ni damu inayodondoka sehemu za siri, na kitu kama koliflawa ndani. Jike letu la zamani, Sukari, lilipata hiyo, na jirani akashauri liuawe. Daktari kijana akalichoma vinkristini mara moja kwa wiki, wiki tano, likapona. Ndivyo inavyokuwa kwa mbwa walio wengi sana wenye ugonjwa huu.

Vinkristini hutoka kwenye mmea wa asili ya Madagaska, ule wenye maua ya rangi ya waridi tunaoupanda uani kama pambo. Ndiyo maana shangazi mmoja hatakosa kusema "si tuchemshe tu majani?" Mwambie hapana, kwa heshima zote. Mmea ni sumu, na dawa yenyewe hupimwa kwa uangalifu na kuingizwa ndani ya mshipa tu. Ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Mkono unaoidunga uwe umezoea.

Na hili liandike mahali: kabla ya sampuli kuchukuliwa, mbwa asipewe prednisoloni wala deksamethasoni. Ndiyo sindano ya haraka inayopendwa sana. Mbwa huchangamka, anakula, nyumba nzima inashukuru. Lakini kama ni limfoma, yaani saratani ya mitoki, dawa hizo hupunguza uvimbe kwa muda, zinaficha jibu la kipimo, na zinaweza kuifanya kemotherapi ya baadaye (dawa za kuua saratani) isishike. Uliza: "Sindano ya jana ilikuwa ya nini?" Waombe wapige picha ya chupa.

Muulize daktari muda

Jina likishapatikana, usiulize "atapona?" peke yake. Uliza: bila tiba ana muda gani, akitibiwa ana muda gani, na muda huo utakuwa wa namna gani. Limfoma isiyotibiwa humaliza mbwa wengi ndani ya mwezi mmoja au miwili. Prednisoloni peke yake haiongezi sana zaidi ya hapo. Kemotherapi ya dawa kadhaa, kwa miezi, huwapa wengi kama mwaka, na wengi wao wanaishi vizuri, hawanyonyoki wala kutapika kama tunavyoona kwa binadamu. Lakini kuponyesha kabisa ni nadra. Mwaka kwa mbwa wa miaka 11 ni kitu kikubwa. Pia ni safari za kliniki kila wiki mwanzoni, vipimo vya damu, na mtu wa kuvaa glavu anaposafisha mkojo na kinyesi siku chache baada ya kila dozi, mbali na watoto na mama wajawazito. Mtu huyo ana jina. Mwite kwenye simu kabla hujasema "endeleeni".

Kwa Kamanda tulikodi gari hadi Kampala, kilomita 80 hivi, maana kondakta wa taksi hakutaka hata kusikia. Eksrei ya mguu ilionyesha mfupa umeliwa. Ya kifua ilikuwa safi, na hapo nilishangilia mapema. Daktari akanieleza polepole kwamba kwa saratani ya mfupa, zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 chembe huwa zimeshasambaa siku ugonjwa unapogunduliwa, hata kama picha haizioni bado. Kukata mguu kunaondoa maumivu, na kwa wastani humpa mbwa miezi minne au mitano. Ukiongeza kemotherapi, inakaribia miezi 10 hadi mwaka.

Mimi nilitaka akatwe. Nilikuwa nimeshaangalia video za mbwa wa miguu mitatu wakikimbia kwenye theluji. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wewe unamkumbuka yule wa kukimbia. Mimi naishi na huyu ambaye asubuhi haamki mpaka ashikwe kiuno."

Nyonga zilikuwa zimeshakwisha kwa baridi yabisi, na mimi nilikuwa sijui, maana kwenye video Mama alikuwa akinionyesha uso wake tu. Mbwa wa namna hiyo miguu mitatu haimbebi. Na wa kumwinua akojoe ni nani? Mpwa wangu alikuwa anarudi bweni. Tangu siku hiyo naamini kwamba anayelipa ana sauti, lakini kura ya mwisho ni ya anayeosha.

Kwa hiyo, kabla ya kikao cha familia, omba video ambayo hujapangiwa: mbwa akiinuka, akitembea hatua kumi, akila, na akiwa amelala. Akiwa usingizini hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikizidi 30 siku baada ya siku, daktari aambiwe. Waukunjue mdomo muone ufizi. Ukiwa mweupe ghafla, na mbwa amelegea, huenda damu inavuja ndani, na hilo halingoji kesho. Kwenye picha ya uvimbe iwekwe sarafu pembeni, ileile kila wiki, la sivyo mtabishana bure kama umekua.

Kuhusu kumleta uliko

Nilifikiria. Kila mtu hufikiria. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huitaka Uganda chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu kuthibitisha kinga, kisha kusubiri miezi 3 tangu damu ichukuliwe. Marekani nayo, tangu Agosti 2024, imekaza masharti kwa mbwa wanaotoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na Uganda imo. Linganisha miezi hiyo na miezi ile ya daktari. Usisahau na safari ya kufungiwa kizimbani ndani ya ndege. Dawa za kubebewa kwenye begi la msafiri pia ziache. Uganda dawa za mifugo ziko chini ya National Drug Authority, na daktari wa huko ndiye atakayezisimamia zikileta madhara.

Maumivu

Tulichagua kutuliza. Kuna ndugu waliona ni kukata tamaa, na niliwakumbusha kwamba Uganda ndiyo nchi ambayo tangu 1993, kupitia Hospice Africa Uganda, imewapelekea wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa hadi majumbani. Kuondoa maumivu kwetu ni tiba inayojulikana.

Lakini dawa za binadamu zilizoko kwenye droo ya Mama si za mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki, hii ya pili inauzwa kila duka, zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Panadol nayo asipewe kwa kukisia. Daktari alimpa meloksikamu kwa kipimo cha uzito wake, baada ya chakula, na gabapentini pamoja nayo. Akitapika au kinyesi kikiwa cheusi kama lami, meloksikamu inasimamishwa na daktari anapigiwa. Haichanganywi na prednisoloni. Posho (ugali) na mukene (dagaa) alikuwa hataki tena. Maini ya kuchemsha alikubali. Hapo hatukumbania.

Glavu tulizonunua zilikuwa na faida ambayo sikuitarajia. Mama ni mtu wa swala tano, na mate ya mbwa kwake yana hukumu yake ya kuoshwa mara saba. Kumpa vidonge mkono mtupu kulikuwa kunamchosha kuliko alivyosema.

Kwenye kalenda ya ukutani mpwa alichora alama kila jioni kabla hajarudi shule, kisha askari wetu akaendeleza: siku njema duara, siku mbaya msalaba. Mambo yalikuwa machache. Amekula? Ameinuka? Amejichafua akabaki pale? Amekwenda getini mtu alipogonga? Kamanda alikuwa mbwa wa geti. Tulikubaliana misalaba ikizidi maduara ndani ya wiki moja, tunaita daktari. Na tukakubaliana jambo la pili mapema: mfupa ukivunjika, maana mfupa wa hivyo huvunjika kwa kuteleza tu, ni siku hiyohiyo, bila kikao.

Ilichukua wiki sita.

Siku yenyewe

Panga kabla haijafika. Uliza kliniki kama daktari huja nyumbani, na anatumia dawa gani. Inavyotakiwa, mbwa hupewa kwanza sindano ya kumtuliza hadi alale, kisha dawa ya usingizi kwa kipimo cha kupita kiasi mshipani. Anayekuja na sumu ya kuweka kwenye nyama mfungie geti, hata akiwa na bei nzuri. Lipa kliniki moja kwa moja kwenye namba yao ya biashara, upate risiti, ili mtu wa nyumbani asishike hela na huzuni kwa wakati mmoja.

Kama unataka kuwepo kwenye simu, sema. Mimi nilisema, halafu nikazima kamera dakika ya mwisho. Sauti ilinitosha.

Shimo lilichimbwa nyuma ya mfenesi, kina cha mita moja na zaidi. Kina hicho si heshima tu: dawa ile inabaki mwilini, na mbwa wengine au kaloli, wale korongo wala mizoga, wakimfukua na kula, nao wanakufa. Vidonge vilivyobaki virudishwe kliniki. Mama alikuwa ameshaviweka kwenye droo, karibu na vyake vya presha.

Na kama uani amebaki jike lisilofungwa kizazi, usifute namba ya kliniki. Mtu apitishe vidole kila mwezi kwenye mistari miwili ya chuchu, kutoka kifuani hadi kinenani. Karibu nusu ya vinundu vya hapo huwa si saratani mbaya, na vile vibaya hukatwa kwa matumaini zaidi vikiwa bado havijafika sentimita 3. Mama hupapasa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya Adhuhuri, na glavu zake.